Kangaja wangu wa bulu amenifunza adabu

Wandugu, hapa nyumbani Lubumbashi nina akwariamu (tangi la kioo la kufugia samaki) ya maji ya chumvi, lita 1,000, urefu mita mbili na nusu. Nilidhani ukubwa huo unatosha kuzuia ugomvi. Nikamtanguliza kangaja, samaki wa baharini, wa bulu mwenye uso mweusi (Acanthurus leucosternon), eti kwa sababu ndiye mzuri kuliko wote. Kosa! Wiki tatu baadaye nikamtia kangaja wa manjano, na kabla sijazima taa mtoto akapiga kelele: "Papa, ile ya bulu iko napiga ya manjano!" Nikakuta mkwaruzo mweupe ubavuni. Kangaja ana mwiba mkali kama wembe penye shina la mkia. Ndiyo maana kwa Kifaransa anaitwa mpasuaji.

Nikamtenga yule mkorofi kwenye tangi dogo siku kumi, nikapanga mawe upya ili asiikute himaya yake. Wa manjano akazoea, nikaongeza Paracanthurus, kangaja wa aina nyingine mwenye umbo tofauti, mkorofi akarudi wa mwisho. Asubuhi bado anafukuzana kidogo, mpaka nibandike mwani kwenye kioo. Mke wangu anauliza bei ya chumvi. Najifanya sisikii.