Siku yangu nyuma ya dirisha la duka la dawa, Mwanakwerekwe, Unguja

Saa moja na nusu asubuhi nafungua duka. Nafagia, nasoma kipimajoto cha friji, natafuta chenji. Wapita njia wananiona muuza duka tu, sawa na wa mchele na sabuni. Kazi hii nimeisomea, na ninayoambiwa hapa dirishani muuza mchele haambiwi.

Asubuhi ni watu wa presha. Wengi wanataka nusu kadi ya vidonge. Kodi ya chumba ikikaribia, dawa ya presha ndiyo ya kwanza kuachwa, kwa sababu ukiiacha hakuna unachohisi. Nawakumbusha kiharusi, wananisikiliza kwa adabu, wanachukua nusu kadi.

Saa nne akaja babu wa insulini. Mwenye nyumba alikitaka chumba chake, na sasa babu analala kwenye banda la uani kwa mwanawe, hakuna umeme. Chupa ambayo haijafunguliwa inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo za akiba namwekea friji ya dukani. Anayoitumia ameitia kwenye kopo kavu, ndani ya chungu cha udongo anachokifunika kitambaa kibichi. "Chungu kizima bado, babu?" "Kizima, mwanangu." Hilo ndilo tunaloulizana kabla ya sukari.

Mchana mvua ya masika ikamwagika, barabara ikajaa maji. Baada ya sala ya adhuhuri akaingia dada mmoja, buibui limerowa mpaka magotini.

"Nipe dawa ya upele. Chupa moja."

Nilimkumbuka, maana alishakuja. Nikamuuliza wanalala wangapi.

"Ya kulala yanakuhusu nini? Nipe dawa."

Nikamweleza tena: upele hautibiwi kwa mtu mmoja. Wote wanaolala pamoja hupakwa usiku mmoja, shingoni mpaka nyayoni, watoto dawa yao ichanganywe na maji, na mashuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto. Ukimpaka mmoja, wenzake wanamrudishia. Akasema nataka kumuuzia chupa nyingi. Akasema dawa yangu imekwisha nguvu. Sauti ikapanda, foleni ikarefuka nyuma yake, na mimi nikaanza kuchoka, kwani tangu asubuhi sijala kitu.

Mwishowe akainama dirishani akasema polepole. Maji yaliingia chumba walichopanga Sebleni, ukuta ukaanguka. Yeye na wanawe wako kwa kaka yake, wamebanana chumba kimoja na watoto wa wifi yake. Anampaka mwanawe mdogo kwa siri, usiku, wifi akishalala. "Nikimwambia tupakwe sote, atajua sisi ndio tuliomletea. Atatutoa. Nitawapeleka wapi?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kitaalamu. Hakuna hata moja lililojibu swali hilo. Kumbe dawa ilishindwa kwa hofu ya kukosa pa kulala, na tangu tulipoanza kubishana mimi nilikuwa nalaumu upakaji wake.

Nikamwomba nambari ya wifi yake. Alisita sana. Nikampigia, nikasalimia, nikajitambulisha kuwa ni wa duka la dawa, nikasema upele umezagaa mitaani tangu mvua zianze, watu wamehamiana, na kila nyumba yenye wageni naishauri ipakwe yote. Hayo yote ni kweli. Sikumtaja mtoto wa mtu.

Alasiri sikumbuki saa wala nani kaja na nini. Kikohozi cha watoto wa vyumba vyenye ukuta wa majimaji, pumu, vidonge vya maumivu kimoja kimoja. Miguu ikawaka moto.

Isha imeshasaliwa, nimeshusha mlango nusu, akaja mwanamke nisiyemjua, pesa mkononi. Ni yule wifi. Akachukua dawa ya nyumba nzima, nikampunguzia, nikamwambia wasiogope muwasho ukiendelea kwa wiki mbili au zaidi baada ya kupaka, na wasirudie dawa ovyo.

Alipotaka kutoka akageuka. "Wifi yangu anajikuna muda wote huu. Mbona hakuniambia?"

Nikamwambia amuulize mwenyewe, lakini leo amwache alale kwanza.