Sogeeni Karibu Kidogo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Tafakari niliyokuwa nimeiandaa ni ya Zaburi 121, na nilishaanza kuiandika tangu Jumatatu. Nimeiweka kando. Wiki hii studio yangu ya picha imejaa vijana waliomaliza kidato cha sita, wanaotakiwa kuripoti JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, na kuna jambo limenikaa kifuani tangu Jumanne.

Wengi huja kwa pasipoti saizi tu, wanalipa, wanaondoka. Jumanne alikuja mama mmoja anayeuza vitumbua stendi ya Msamvu, yeye na mwanawe wa kiume. Kijana mrefu, mlangoni ilibidi ainame. Kichwa amenyoa upara asubuhi hiyo hiyo. Nyuma ya sikio kulikuwa na mkwaruzo wa wembe haujakauka. Amepangiwa kambi ya Mafinga, kule Iringa. Mama kabeba mfuko wenye vitu vyote vilivyotajwa kwenye tangazo: bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi. Juu yake sweta, maana Mafinga mwezi wa sita baridi yake haina utani.

"Kaka, tupige sisi wawili," akasema.

Wakasimama mbele ya pazia kama watu wanaosubiri zamu dirishani. Nikawaambia lile neno ninalolisema mara arobaini kwa siku, "Sogeeni karibu kidogo." Kijana akasogea hatua, mama nusu hatua. "Bado, karibu kidogo." Mama akacheka kwa aibu, akajifuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na unga, kisha akaishika kola ya mwanawe akaanza kuitengeneza. Kola haikuwa na kasoro yoyote. Nikabonyeza hapo hapo.

Alitaka kopi mbili, moja ya kijana. Kijana akaona haya: "Mama, kule hawataki vitu vingi." Mama akamjibu kwamba itakaa ndani ya Agano Jipya, na aone huyo afande atakayelikataza Neno. Sijui taratibu za kambini zinasemaje kuhusu hilo, lakini imani ya yule mama niliipenda.

Wapendwa, usiku nikafungua 1 Samweli 17. Sura hii sote tunaijua, na sote tunaikimbilia kwenye kombeo na mawe matano. Safari hii sikufika kwa Goliathi. Nilikwama kwa mzee Yese. Wanawe watatu wakubwa, Eliabu, Abinadabu na Shama, wako kambini na Sauli, bonde la Ela. Yeye kazeeka, hawezi kwenda. Anamfungia Daudi bisi, mikate kumi, na jibini kumi za akida wao (mzee alijua mambo, mkubwa wa kambi naye apate chake). Halafu anamwagiza aangalie ndugu zake wana hali gani, amletee kitu kutoka kwao cha kuonyesha kwamba wako salama. Neno la Kiebrania lililotumika kwa kitu hicho ni la ukoo mmoja na lile "arabuni" tunalolisoma Waefeso 1:14, Roho aliye arabuni ya urithi wetu. Arabuni tunaijua hata sokoni: umetanguliza kitu, mali ni yako, ila bado haijafika mkononi.

Yese alitaka arabuni ya wanawe. Mikate aliyopeleka ilikuwa ya kwao. Hii aliitaka kwa ajili ya moyo wake mwenyewe. Na mama wa vitumbua alitoa hela ya siku nzima ya biashara akaondoka na arabuni yake ndani ya bahasha ya kaki.

Sasa niruhusuni niseme na akina baba, nikianza na huyu anayeandika. Wiki nzima hii nimepiga vijana na mama zao, vijana na bibi zao, msichana mmoja na dada zake wanne. Akina baba waliosimama mbele ya kamera yangu wawili tu. Wengine walituma hela kwenye simu. Mmoja alimleta binti yake kwa pikipiki akabaki nje hajazima injini. Ndugu zangu, tumejidanganya kwamba tukishalipa nauli ya kwenda na kurudi, tumemaliza ubaba. Isaka hakuwa anaona hata kidogo, lakini alisema, mwanangu, karibu, nibusu. Sisi wenye macho mazima tunaogopa nini? Tunaogopa kulia mbele ya watoto? Mtoto anaondoka miezi mitatu, anakwenda kuamshwa alfajiri kwa mchakamchaka na kupigishwa kwata na watu asiowajua, na neno la mwisho alilolisikia kwa baba yake ni "chaji unayo?" Huyo Yese anayewasumbukia wanawe leo ndiye yule wa sura ya 16, aliyewapanga wote mbele ya Samweli akamwacha mmoja porini na kondoo mpaka alipoulizwa. Hata baba aliyemsahau mtoto anaweza kujifunza kumuulizia. Basi tujifunze, na tusisubiri kuulizwa na nabii!

Nimesema kwa ukali kwa sababu ninajisema. Binti yangu naye yumo kwenye orodha. Tangu Pasaka tulikuwa hatuongei vizuri. Aliniambia kwamba akimaliza chuo angependa arudi jeshini moja kwa moja, na mimi nikamjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Vifaa vyake nilinunua vyote, ila hela nilimpitishia mama yake. Nyumba moja, meza moja, na chumvi tunaombana kupitia mdogo wake. Na mimi ni mzee wa kanisa.

Mimi JKT siijui. Mafunzo kwa wanafunzi yalisitishwa mwaka 1994 na kurudishwa 2013, na sisi tuliomaliza katikati tulipita bila kuvaa hiyo bukta. Aliyekwenda nyumbani kwetu ni dada yangu mkubwa, miaka ya themanini. Ipo picha yake na marehemu baba, ya siku moja kabla hajapanda lori. Baba kavaa kaunda suti, kakaa kwenye kiti, uso mkavu kama anasubiri hukumu. Dada kasimama pembeni na begi begani. Miaka yote nimeitazama ukutani nikasema, mzee alikuwa jiwe.

Jumatano nikaishusha, nikaiskani ili niitoe ukungu ulioanza kuila pembeni. Nikaikuza kwenye kompyuta sehemu kwa sehemu, kama tunavyofanya. Nilipofika kwenye begi nikaona vidole viwili. Mkono wa baba umepita nyuma ya kiti, umeshika ncha ya mkanda wa begi. Aliyeitazama kutoka mbali asingeviona kamwe. Nilikaa pale mpaka skrini ikazima yenyewe.

Nikampigia dada. Akasema, "Alilishikilia mpaka kwenye lori, nikamwambia baba, achia." Kisha akacheka, kisha hakucheka tena.

Alhamisi jioni nilimwomba binti yangu aje studio. Nilimwomba msamaha kabla ya taa kuwashwa, kwa sababu nilijua nikishaanza kuhangaika na taa nitapata kisingizio. Nilichotamka hakikuwa kizuri sana, nilirudia neno moja mara tatu. Akasema, "Baba, mimi nilishakusamehe, ila ulikuwa hujauliza." Nikamwita kijana wangu wa kazi atupige. Mimi sijazoea kukaa upande ule. Nilikuwa naangalia mwavuli wa taa, nikimwambia aushushe, mpaka kijana akaniambia, "Mzee, acha kazi. Sogea karibu kidogo."

Picha imetoka na kivuli kibaya kwenye shavu langu la kushoto. Mteja angeirudisha. Nimetoa kopi mbili hivyo hivyo, na yake ameiweka mwenyewe kwenye Zaburi 121, kwa hiyo tafakari niliyoiacha imesafiri.

Basi liliondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye ibada ya jumuiya Jumatano tutawaombea vijana wote walioripoti wiki hii. Njooni na majina yao, na kambi walizopangiwa. Akina baba, mje wenyewe, msiwatume mama watoto.