Kisu cha porini: anza na msuka, makali baadaye

Visu vikiwa vimepangwa mezani, iwe soko la Kilombero Arusha au Mbuyuni Moshi, jicho la mnunuzi hukimbilia makali na ncha. Makali mabovu unayarekebisha kwa jiwe ndani ya nusu saa. Msuka mfupi hauna dawa.

Msuka ni kile chuma kinachoingia ndani ya mpini. Kigeuze kisu utazame mgongo na kitako cha mpini: chuma kikionekana kimepita katikati ya vipande viwili vya mti hadi mwisho, na pini mbili au tatu zimekishika, hicho ni kisu cha kazi. Kama mpini ni plastiki iliyofungwa pande zote, mara nyingi ndani kuna kijiti cha sentimita tatu nne tu, na siku utakapokipinda kwenye kiungo cha paja la mbuzi kitang'oka na kukuachia mpini mkononi.

Urefu wa bapa sentimita 10 hadi 12 unatosha kuchinja, kuchuna, kukata kamba na kuchonga vigingi vya hema. Wengi hununua virefu mno. Sime ya Kimaasai ina kazi yake, lakini makali ya pande mbili yanakunyima mgongo wa kuwekea kidole gumba, na bila kidole pale huwezi kuchuna kwa utaratibu. Unene wa mgongo uwe milimita 3 hadi 4. Ukizidi hapo kisu kinapasua nyama kama shoka badala ya kuikata. Ncha ishuke kidogo kutoka mgongoni, isichongoke kama sindano, maana hiyo ndiyo hutoboa utumbo na kuharibu nyama.

Visu vya kukunja viache kwa matunda. Damu na mafuta huingia kwenye bawaba, vinanuka, na kufuli huanza kulegea.

Kuhusu chuma: kisichoshika kutu kinamfaa asiyependa kufutafuta. Chuma cha kaboni kinanoleka upesi na kushika makali vizuri, ila ukikiacha na damu usiku mmoja asubuhi kina madoa. Ukiagiza kwa mhunzi, kwa mfano kule Mamba karibu na Marangu, omba springi ya gari. Nondo ni laini, haishiki makali. Muulize pia kama baada ya kukizamisha kwenye mafuta anakipasha tena moto kidogo. Kisipopashwa kinabaki kigumu lakini chepesi kuvunjika. Jaribio la haraka: pitisha tupa taratibu karibu na makali. Ikiteleza, kimeiva. Ikiuma kirahisi kama kwenye msumari, kirudishe mezani.

Tazama pia rangi. Makali yenye ubluu yameungua kwenye mashine ya kunolea na ugumu umetoka. Hapo huna la kufanya ila kusaga sehemu yote ya bluu, na kisu kinapungua.

Mpini ujaze vidole vinne na kubaki na mkwaruzo, kwa kuwa mafuta ya nyama huteleza kuliko sabuni. Anayepanda Kilimanjaro achague mnene kidogo wa kushikika akiwa na glavu; mpini wa chuma kitupu kwenye baridi ile ni adhabu.

Kunoa: jiwe la pande mbili, anza upande wa mkwaruzo. Kwa bapa la upana wa sentimita 3, inua mgongo sentimita 1 kutoka kwenye jiwe, basi una pembe ya nyuzi 20 hivi. Noa upande mmoja hadi kucha ihisi kijinywele cha chuma upande wa pili, ndipo ugeuze. Malizia upande laini, kisha vuta kinyumenyume kwenye mkanda wa ngozi. Shika makali chini ya taa: kila kidoa kinachong'aa ni mahali butu.

Wakati wa kuchuna, toboa kidogo kisha kata kutokea ndani ya ngozi kwenda nje. Manyoya yana mchanga, na mchanga humaliza makali kabla hujafika tumboni. Mifupa iachie panga.

Ukimaliza, osha, kausha, paka mafuta ya nazi (Julai Arusha yameganda, yapashe kwanza kiganjani). Usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi; ngozi hunyonya unyevu na kutu huanzia humo. Na kuwinda bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, hata kisu kiwe kizuri namna gani.