Daftari la Hati Mkato

Juzi mpwa wangu, anayesomea uandishi wa habari, aliniuliza kama karatasi za babu yake zinaweza kusomwa na mtu yeyote. Nilimjibu kwamba ndiyo, ilimradi ajue kusoma, naye akadhani ninamtania.

Baba alikuwapo katika chumba cha habari cha The Standard, Dar es Salaam, Februari 1970, gazeti lilipotaifishwa na Mwalimu Nyerere akamweka Frene Ginwala kuwa mhariri. Alikuwapo tena mwaka 1972, lilipounganishwa na The Nationalist na kuzaliwa Daily News. Alipofariki, maktaba moja ilituomba makaratasi yake, na baada ya arobaini ikamtuma kijana mpole wa kuyapokea.

Kijana alianza kwa kutukataza kupanga chochote. Alieleza kwamba nyaraka huhifadhiwa kwa utaratibu aliouacha mwenyewe, kwa sababu mtafiti hujifunza hata kutokana na karatasi gani ilikaa jirani na ipi. Utaratibu wa baba, kama ulikuwapo, ulimtoa jasho: nyuma ya mswada wa tahariri kuhusu bei ya pamba palikuwa na hesabu za ada zetu za shule, na nakala za kaboni za barua za kazini zilibanwa pamoja na stakabadhi za duka la ushirika kwa pini zilizokwisha kushika kutu. Kazi ilikuwa ipi, na nyumbani palikuwa wapi, hakuna aliyeweza kusema.

Ndipo likatoka daftari lenye jalada jeusi, limejaa hati mkato, yale maandishi ya alama za kuandikia upesi, mwanzo hadi mwisho. Kijana aliligeuza juu chini, akasema kwa masikitiko kwamba pale maktaba hapakuwa na mtu wa kuyasoma maandishi hayo. Mama, aliyekuwa amekaa kimya mkekani, akanyoosha mkono. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba alisomea uhazili kabla ya kuolewa. Katika hati mkato ya Pitman mstari mnene na mwembamba ni herufi tofauti, na mwandishi mwenye haraka huziacha irabu, hivyo ukurasa wake husomeka vyema zaidi na mtu anayemfahamu. Mama alimfahamu. Alifuatisha mistari kwa kidole, midomo ikicheza bila sauti. Akacheka kidogo, akafunua ukurasa wa pili, akaacha kucheka, akaendelea kusoma kwa muda mrefu huku chai ya mgeni ikipoa na mimi nikishindwa kuuliza. Kisha alilifunga.

“Niandike nini kwenye orodha, mama?” kijana aliuliza.

“Andika hesabu za nyumbani, mwanangu.”

Akaandika.

Mgeni alipoondoka, nilimuuliza mama kwa nini, kama lina mambo ya siri, asingelibakiza nyumbani. Alinijibu kwamba nyumbani nipo mimi.

Orodha ile sasa inatumiwa na watafiti, na kila nikiiona hujiuliza ni maelezo mangapi mengine katika nyaraka za wanahabari yaliandikwa kwa namna hiyo. Baba aliishi kwa kudadisi yaliyomo katika mafaili ya wakubwa. Katika shauri hili, sina hakika angesimama upande wa nani.