Yellowstone wakati wa baridi: tafuta kunguru kwanza

Anayekwenda hifadhi ya Yellowstone, Marekani, katikati ya majira ya baridi ajue mapema kwamba barabara karibu zote za ndani hufungiwa magari ya kawaida. Inayobaki wazi ni ya kaskazini, kutoka Gardiner kupitia Mammoth hadi Cooke City. Wengi husikitika. Hakuna sababu, maana barabara hiyo hupita bonde la Lamar, na Lamar ndiko kwenye mbwamwitu.

Wanyama hao walitokomezwa hifadhini miaka ya 1920, wakaanza kurudishwa mwaka 1995, 14 wa kwanza wakitoka Kanada. Kosa la wageni ni kuzungukazunguka na gari wakiwasaka. Fika bondeni kabla ya jua kuchomoza, ambapo Januari ni karibu saa mbili asubuhi, egesha, zima injini, halafu angalia kunguru. Wakiwa wanashuka na kuruka mahali pamoja, hapo pana mzoga. Mbwamwitu wenyewe huenda wameshashiba na kujilaza pembeni, kila mmoja akionekana kama jiwe jeusi kwenye theluji. Februari ni msimu wa kupandana, hivyo milio yao mirefu husikika zaidi.

Koyote, mnyama wa jamii ya mbwa aliye mdogo kuliko mbwamwitu, huwadanganya wengi wakadhani ni mbwamwitu. Yeye ana masikio makubwa na pua nyembamba, na unyayo wake una urefu wa sentimita 6 au 7. Wa mbwamwitu hukaribia 12.

Chukua darubini ya miguu mitatu, ukuzaji wa 20 hadi 60. Usitazamie dirishani huku hita ya gari inawaka: hewa moto ikikutana na baridi, taswira hucheza kama iliyo juu ya moto wa mkaa, nawe utadhani lenzi ni mbovu. Shuka, simama mbali na boneti. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Kabla ya kurudi garini, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki, la sivyo unyevu utatanda juu ya lenzi. Theluji pia huihadaa kamera, picha zikatoka za kijivu. Kwenye kamera, ongeza mwanga kwa kipimo (stop) kimoja au kimoja na nusu.

Baisani, ng'ombe-mwitu wakubwa wa Amerika, hutembea barabarani kwa kuwa theluji imeshindiliwa. Simama, wapite. Akila, huzungusha kichwa kushoto na kulia kama koleo, akisukumwa na misuli ya nundu, hadi nyasi zitokee. Mkia ukiinuka, ama anajisaidia ama anakuja. Usingoje kujua ni lipi. Sheria inataka mita 23 kutoka kwake, na 91 kutoka kwa mbwamwitu.

Old Faithful hufikiwa kwa basi la theluji au pikipiki ya theluji tu. Chemchemi hiyo hurusha maji takriban kila dakika 90, lakini kwenye baridi kali mvuke huyafunika yote. Simama upande upepo unakotoka. Matone yakigusa lenzi yafute papo hapo, kwani yana silika, madini yanayotengenezea kioo, na yakikauka huacha madoa yasiyotoka. Funga kucha za chuma viatuni: njia za mbao huganda barafu, na nje yake ardhi ni ganda jembamba juu ya maji yanayochemka.