Punje 41

Alhamisi asubuhi, feri ya Likoni imejaa pomoni, nami nimeshachelewa kazini. Nikatoa rozari, shanga zangu za sala, nianze Matendo ya Mwanga, yale matukio ya maisha ya Yesu tunayoyatafakari tukisali (haya aliyaongeza Papa Yohane Paulo II mwaka 2002, marehemu nyanya hakuyazoea kamwe, alishika yale 15 ya zamani). Tendo la pili, arusi ya Kana, nikapigwa kikumbo, uzi ukakatika. Punje zikatawanyika miguuni pa watu na chini ya mkokoteni wa madafu.

Nilikasirika, sifichi. Mara mzee mmoja mwenye kanzu, tasbihi yake mkononi, akainama. "Pole mwanangu, ngoja usije ukakanyagwa." Akaziokota moja moja, akazipangusa kwa kanzu ile nyeupe, akanitilia kiganjani.

"Ahsante sana, mzee wangu."

"Si kitu."

Rozari ina punje 59. Mimi nilipata 41. Nikaendelea kwa vidole hadi ng'ambo, na Salamu Maria za mwisho nikamwombea yeye.

Jioni nilipita Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, Barabara ya Nkrumah, nikakaa tu kimya. Sikuomba chochote. Halafu nikanunua uzi wa nailoni, ule wa wavuvi.