Bondi ni bure, lakini leta pesa ya karatasi

Bango limebandikwa ukutani, juu ya kaunta ya kituo kimoja cha polisi hapa Arua, Uganda: bondi ya polisi, yaani dhamana ya kumtoa mtu kituoni, ni bure. Chini yake hasa ndipo askari wa zamu aliponiambia, bila hata kushusha sauti, "Mama, leta elfu hamsini ya kununulia karatasi, kijana aende."

Mtoto wa dada yangu ni bodaboda. Walimzoa usiku stejini na wenzake, eti wazururaji. Mzururaji gani ana pikipiki na helmeti? Tena vile vifungu vya kumkamata mtu kwa kumshuku tu uzururaji, Mahakama ya Katiba ilishavifuta Desemba 2022. Nilipomtajia afande akacheka. "Hayo ya Kampala."

Sikubishana. Nikauliza kitu kimoja: namba ya SD ni ngapi? (Namuuliza kwa Kiswahili kilichonyooka, maana hapa kwetu askari akikisikia hupunguza ukali, anadhani una ndugu jeshini.)

Akanyamaza. SD ni lile daftari kubwa la kituo ambalo kila anayeingizwa selo lazima aandikwe. Kijana wetu hakuwemo. Sasa Katiba, ibara ya 23, inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Za asiyeandikwa zinaanza kuhesabiwa lini? Ndiyo ujanja wenyewe. Hakuna aliyekamatwa, kwa hiyo hakuna aliyemkamata.

Nikamwomba jina lake, maana koti lilikuwa limefunika kibandiko. "Jina la nini?" Nikamwambia kuna sheria ya 2019 ya kutekeleza haki za binadamu: ofisa akivunja haki ya mtu anawajibika yeye mwenyewe, hajifichi nyuma ya serikali. Akafungua daftari, akaandika tarehe ya leo. Nikasema hapana afande, alilala humu jana. Makelele yakamtoa O/C, mkuu wa kituo, ofisini.

Alasiri kijana akatoka kwa bondi, bila shilingi. Nimepeleka malalamiko kwenye kitengo cha polisi kinachosimamia nidhamu yao. Jirani yangu ananicheka, anasema nyani hawezi kumhukumu ngedere, na simlaumu. Lakini nakala yangu ina mhuri wao. Pikipiki ilirudishwa haina betri, na hiyo betri nayo nimeiandika humo.